"Kuharibu jina la chuo" ndiyo kosa gani?

Asanteni. Wafanyakazi wenzangu mlioko hapa mshanisikia na hili mara nyingi, leo nalisema mbele ya wanafunzi. Sera ya chuo chetu ya mitandao ya kijamii lazima iseme kosa ni nini. Hii rasimu inasema "kuharibu jina la chuo", basi, na mkubwa yeyote akikasirika anaweza kuingiza humo anachotaka.

Kuna binti nilimfundisha, chuo sikitaji. Hosteli yao ilikaa siku nne bila maji, akaandika kwa grupu la WhatsApp la darasa kwamba ada tumelipa yote halafu tunaoga kwa jerikeni ya kuomba kwa jirani, wakubwa wanaliona hili? Mtu akapiga skrinishoti akaforwadi, ikazunguka magrupu, jioni iko kwa simu ya mkubwa mmoja, asubuhi barua: umesimamishwa, toka hosteli. Hakuitwa, hakuulizwa kitu! Mama yake anauza matoke sokoni, akafunga biashara akapanda basi kuja kuomba msamaha, msamaha wa nini jamani? Kamati ya nidhamu ilimsikiliza baada ya miezi miwili, mitihani ishapita, na mimi nilikuwa kwa ile kamati, nikauliza hapa uongo ni neno gani? Wote kimya. Wakamrudisha, lakini muhula ulishaenda na ada yake pia.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mwalimu, na wale wanaosambaza picha za uchi za wenzao je? Hao waandikwe wazi! Kutishia mtu, kusambaza picha zake bila ruhusa, kuvujisha mtihani, andika hivyo hivyo kila mtu aelewe. Nidhamu siipingi hata kidogo.

Na hili silitoi kichwani kwangu. Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba hapa kwetu Uganda ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kile cha mawasiliano ya kuudhi, sababu maneno yake hayaeleweki yanaishia wapi. Sasa kama sheria ya Bunge imeanguka kwa hilo, sera yetu ya kurasa sita itasimama na nini? Na Katiba, ibara ya 28 na ya 42, inataka mtu asikilizwe kwa haki, kwa hiyo barua ya asubuhi bila kumuita mtu hapana.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. La wafanyakazi nilitaka kulieleza vizuri, nalipitia haraka: akaunti ya mhadhiri ni yake, akisema siasa anasema kwa jina lake, lakini mhadhiri anayemwandikia mwanafunzi inboksi saa sita usiku, huyo rasimu haimgusi popote na ndiye ningeanza naye.

Nakala ziko kwa meza ya mlangoni. Ukurasa wa nne nimeupigia mstari, chukueni mwandike maoni yenu leo kabla hamjatoka.