Jua limewaka, lakini nyanya bado ziko ndani: bustani yangu machipuko haya

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nipo nyuma ya nyumba, na kama mnavyoona, jua limewaka vizuri kabisa. Najua swali mtakaloniuliza: mbona na jua lote hili nyanya bado umezifungia ndani? Naanzia hapo hapo, kwa sababu ukishalielewa hilo, bustani yote ya huku kaskazini, kwenye nchi ya baridi na theluji, utaielewa.

Jua la machipuko, yaani majira yanayofuata baridi kali, linapasha hewa upesi, lakini udongo unachelewa. Ardhi imekaa miezi kwenye baridi, imenywa maji ya theluji, na udongo wenye maji mengi unachelewa sana kupata joto. Mchana hewa inaweza kufika nyuzi 18, mtu anavua koti, lakini chomeka kipimajoto sentimita 10 chini ya ardhi ukute nyuzi 8. Mimi napima asubuhi, jua halijapiga, siku kadhaa mfululizo, na namba hiyo ndiyo inayoniamulia. Ikifika nyuzi 5 hadi 7, njegere, spinachi, figili na saladi zinaota. Maharage hapana. Maharage yanataka nyuzi 15 au 16 angalau. Chini ya hapo mbegu inavuta maji, inavimba, kisha inaozea humo humo. Matango na maboga ndiyo yanadeka zaidi, yanasubiri nyuzi 18 kwenda juu.

Halafu kuna jalidi, ule umande unaoganda usiku. Hii kwenu wengi hamjaiona, labda wale wa nyanda za juu. Usiku wa kuogopa ni ule wa mbingu safi, nyota zote zinaonekana, upepo umetulia. Hakuna mawingu ya kuzuia joto, basi joto la ardhi linapaa lote juu. Maji yaliyomo ndani ya mche yanaganda, na asubuhi jua likipiga unaona majani yamelegea, yamekuwa meusi kama mboga iliyochemshwa. Nyanya, maharage, maboga, pilipili hoho, hakuna hata mmoja anayevumilia. Kwa hiyo kila mwenye bustani huku anaijua tarehe ambayo, kwa wastani, jalidi ya mwisho hupita eneo lake, na anahesabu wiki kurudi nyuma. Nyanya zinasiwa ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe hiyo, pilipili hoho 8 hadi 10 kwa sababu zinakua polepole. Matango na maboga wiki 3 au 4 tu, maana hayapendi kabisa mizizi yake kuguswa, yakikaa sana kwenye kikopo yanadumaa.

Haya, tuingie ndani kwanza niwaonyeshe miche.

Hizi hapa. Angalieni huu mche karibu: haya majani mawili ya chini, membamba na laini pembeni, ni majani ya mbegu. Haya ya juu yenye meno meno ndiyo majani halisi ya nyanya, na ukisugua kidogo unasikia ile harufu yake. Yakishatokea hayo ndipo nauhamishia kwenye kikopo chake peke yake. Ukiuhamisha, shika jani, usishike shina. Jani likichanika mche unatoa jingine. Shina likivunjika mche umekwenda.

Na mnaona shina lilivyo nene na fupi? Hiyo ni kazi ya mwanga. Dirishani peke yake hapatoshi mwanzoni mwa machipuko, mche unarefuka ukiutafuta mwanga, unakuwa mrefu, mweupe, unalala. Nimeweka taa juu yake, sentimita chache tu kutoka kwenye majani, inawaka saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha nazima usiku. Nina feni ndogo pia. Upepo ukiutikisa mche, shina linajikaza. Kama huna feni, pitisha kiganja juu ya miche kwa upole mara mbili tatu kwa siku, kazi ni ile ile.

Feni ina faida nyingine, na hapa naomba mnisikilize hata nyinyi wa nyumbani mnaootesha kwenye kitalu, maana huyu adui hana nchi. Kinyausi. Unalala miche imesimama, unaamka imeanguka, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapotoka kwenye udongo. Ni ukungu wa udongoni, na unapenda mambo matatu: maji mengi, hewa iliyosimama na miche iliyobanana. Ukishaanguka mche mmoja hauponi, kwa hiyo dawa ni kuzuia. Sia kwa nafasi, tumia vyombo vilivyooshwa vikakauka, usichukue udongo wa shambani kusia mbegu ndani ya trei. Mwagilia kwa chini: weka maji kwenye sinia, trei ikae juu yake, udongo unywe wenyewe kisha mwaga yaliyobaki. Acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kurudia. Watu wengi wanaua miche kwa upendo wa maji kuliko kwa kiu.

Tutoke nje sasa, huku ndiko kunakonifurahisha.

Njegere, mtazameni huyu! Hivi vikono vyembamba vimeishika kamba, vimejizungusha, vimeanza kupanda. Njegere inajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye mizizi yake, kwa hiyo sikuiwekea mbolea ya kukuza. Ukiipa naitrojeni nyingi inakupa majani tele na maganda machache.

Tuta hili la pili ni karoti, na kama huoni kitu hujakosea. Karoti zinachukua wiki 2 hadi 3 kuota, na muda wote huo uso wa udongo usikauke. Nimefanya alivyonifundisha mama mmoja jirani, anayelima hapa miaka mingi: nimechanganya mbegu za karoti na figili chache kwenye mstari mmoja. Figili inaota mapema, inaonyesha mstari uko wapi ili nisiparue karoti kwa jembe, na inalegeza udongo wa juu. Karoti zinapoanza kunenepa, figili zimeshang'olewa zikaliwa. Huyu mama kila machipuko anapita uzioni tunaulizana: zako zimefika wapi? Yake spinachi tayari anavuna majani ya nje. Bustani yake inapata jua la asubuhi mapema, na ukuta nyuma yake unatunza joto, ndiyo maana ananitangulia. Mita chache tu kati yetu, na bado siwezi kuiga tarehe zake.

Kabla hujachimba popote, shika udongo mkononi uufinye. Ukibaki donge lenye maji, weka jembe chini, rudi ndani. Kulima udongo ulioloa kunaushindilia, na ukikauka unakuwa matofali ambayo mizizi haipenyi msimu mzima. Ukimegeka ukiugusa kwa kidole, endelea. Nikishalegeza naweka mboji juu. Matandazo, yale majani makavu ya kufunika udongo, bado sijaweka, kwa sababu mapema hivi yanazuia jua lisiupashe udongo, na konokono wasio na magamba wanajificha humo. Nitayaweka joto likishakolea.

Sasa, nyanya zinatoka lini? Usiku ukishakuwa unabaki juu ya nyuzi 10, siku nyingi mfululizo. Lakini hazitoki siku moja. Mche uliolelewa chini ya taa haujui jua wala upepo. Ukiutoa ghafla majani yanaungua, yanakuwa na mabaka meupe. Nauzoesha kwa siku 7 hadi 10: kwanza saa moja au mbili kivulini, kisha jua la asubuhi, kila siku naongeza, mwisho unalala nje. Siku ya kupandikiza nachagua siku ya mawingu au jioni. Nyanya naifukia hadi karibu na majani ya juu, kwa sababu shina lililofukiwa linatoa mizizi mipya. Pilipili hoho sifanyi hivyo, naipanda kina kile kile ilichokuwa nacho kwenye kikopo.

Na kuna jambo moja naombwa sana, wengine hadi kwa ujumbe: nitumie mbegu za vitunguu vya huko, vile vikubwa. Jamani, siwanyimi. Kitunguu kinaanza kujaza kichwa kwa kuhesabu urefu wa mchana. Aina zinazolimwa maeneo haya ya kaskazini zinasubiri mchana wa saa 14 hadi 16, na huku zinaupata karibu na Juni. Karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Ukivipanda huko vitakupa majani mazuri ya kijani, kichwa hutakiona. Tafuta mbegu za mchana mfupi, zile zilizokusudiwa maeneo yenu. Isitoshe, nchi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu zinazovuka mpaka, na ni haki yao, maana magonjwa ya mimea husafiri ndani ya mbegu.

Video ijayo itakuwa ya kupandikiza nyanya, hali ya hewa ikiruhusu. Wenye kitalu kinachosumbuliwa na kinyausi, niambieni mnamwagilia saa ngapi na kwa kitu gani, tuanzie hapo.