Detekta Inalia Ovyo? Usikimbilie Kushusha Sensitiviti

Habari zenu wachimbaji wenzangu, karibuni tena. Leo nipo Chunya, nje kidogo ya Makongolosi, na kabla sijasema lolote sikilizeni kwanza hii detekta, mashine yangu ya kutafutia dhahabu.

Mmesikia? Inalia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, na mimi nimesimama tu, sijaipitisha popote. Kamera ikigeuka nyuma yangu mtaona nguzo za laini ya umeme ya kilovolti 33, na kule bondeni makarasha mawili, mashine za kusaga mawe, yanasaga tangu alfajiri.

Wengi wetu tukisikia kelele hii mkono unakwenda moja kwa moja kwenye sensitiviti, yaani kiwango cha wepesi wa mashine kusikia. Unashusha, unashusha, mpaka mashine inanyamaza. Imenyamaza kweli, ila na vipunje vidogo vya dhahabu haivisikii tena. Mimi nilitembea hivyo msimu mzima nikijisifu kwamba mashine yangu imetulia, mpaka jamaa mmoja akapita palepale nilipopita asubuhi, akachimba kiganja kimoja tu, akatoka na kipunje. Iliniuma.

Basi twende taratibu. Inua koili, hii sahani ya chini, iwe usawa wa kiuno, na usiitikise. Hesabu mpaka kumi. Kelele ikiendelea, inatoka hewani: ni umeme. Ikitulia halafu ikarudi pale tu unapoipitisha chini, hapo tatizo ni udongo wenye chuma au mawe yake, na dawa yake ni kusawazisha mashine na ardhi. Usichanganye haya mawili. Utazungusha vitufe mpaka jua lizame.

Kwa nini umeme unaisumbua hivi? Koili ni antena. Inapeleka nguvu ya sumaku chini, kisha inasikiliza jibu, na jibu la kipunje kidogo ni hafifu mno. Wakati huohuo kuna laini yenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kuna mota za makarasha, kuna jenereta, kuna inveta ya sola pale kwenye kibanda. Zote zinaongea kwa mpigo, na kipunje chako kinanong'ona.

Sasa anza na mwili wako mwenyewe. Simu yangu iko hapa, mfuko wa shati. Naisogeza karibu na koili... mmesikia hiyo tik-tik-tik? Izime, au iache kwenye pikipiki. Vilevile saa janja na pawabenki.

Halafu tazama waya wa koili. Huu wangu umelegea hapa juu, unacheza. Nauzungusha kwenye mti wa mashine, naubana kwa mkanda, kisha nakaza plagi yake mpaka mwisho. Waya uliolegea unatoa mlio unaofanana kabisa na wa umeme, na watu wamenunua koili mpya bure kwa sababu ya plagi yenye vumbi.

Bado inalia? Isimamishe koili wima, kama sahani iliyoegemezwa kwenye kabati, kisha geuka polepole duara zima. Oneni: hapa inapiga kelele, hapa imetulia, hapa tena. Kelele inayobadilika kufuata mgeuko wako inatoka nje ya mashine. Ila usidhani inakuonyesha chanzo kilipo, maana haifanyi kazi kama dira. Kujua chanzo, tembea. Nenda hatua hamsini mbali na laini, usikilize upya.

Ukishapata pa kusimama, iache mashine ijitafutie chaneli, yaani masafa yenye kelele kidogo. Kwenye hii GPX 5000 kitufe ni Auto Tune, nyingine zimeandika Noise Cancel. Bonyeza, tulia karibu dakika moja, mbali na sururu na koleo. Mkiwa wawili, mwenzako aendelee kutumia detekta yake wakati wewe unafanya hivi, ili mashine yako imkwepe na yeye pia. Halafu achaneni mbali, msitembee bega kwa bega mkipiga soga.

Kama una koili ndogo, ifunge kwenye mashine badala ya ile kubwa. Inaokota kelele kidogo. Kina kitapungua, lakini karibu na laini kama hii naona ni biashara nzuri.

Sensitiviti iwe ya mwisho. Hapa nina kipunje cha gramu 0.3, nimekigandisha kwa gundi kwenye kizibo cha plastiki cha chupa ya maji. Nakifukia kina cha vidole viwili. Napita juu... kipo. Nashusha hatua moja, napita. Kipo. Nashusha nyingine... kimya. Basi narudi hatua moja, naacha hapohapo, hata kama kelele kidogo imebaki. Masikio yatazoea.

Na kipindi cha masika, ukisikia mapigo ya ghafla yasiyo na mpangilio na anga la upande mmoja limejaa mawingu meusi, hiyo ni radi, hata kama iko mbali. Hapo hakuna cha kurekebisha. Zima, funga, ondoka.

Eeh, subirini. Makarasha yamezima, nadhani umeme umekatika. Leo hata silalamiki! Sikilizeni mvumo wa mashine ulivyonyooka sasa. Ngoja nipite hapa kabla hawajaurudisha umeme.