Ndege na Mshahara wa Rubani Ni Hesabu Moja

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri, marubani mliopo, wanafunzi wa usafirishaji, na ninyi wafanyabiashara mnaofikiria kuweka mitaji yenu katika usafiri wa anga, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Katika maandiko ya biashara ya mashirika mapya ya ndege niliyopata kuyasoma hapa Dar es Salaam, sura ya ndege huchukua kurasa nyingi: idadi ya viti, unywaji wa mafuta, masharti ya mkodishaji, rangi zitakazopakwa mkiani. Marubani hupewa mstari mmoja ndani ya jedwali la mishahara, katikati ya wahasibu na madereva. Mpangilio huo unanisikitisha, kwa sababu unaficha jambo ambalo mwekezaji anapaswa kulijua kabla ya mengine yote. Siku unapotia saini mkataba wa ndege, umekwisha kuamua utahitaji marubani wangapi, watafunzwa wapi na kwa fedha za nchi gani, na kwa sehemu kubwa umeamua pia kama watabaki kwako au watakuacha.

Tuanze na idadi ya watu. Chukueni ndege moja ya pangaboi, yaani inayosukumwa na mapanga yanayozunguka, inayoruka kwa wastani wa saa 9 kila siku. Ukiondoa siku za matengenezo makubwa, kwa mwaka itaruka saa 3,000 hivi. Barani Ulaya rubani haruhusiwi kuvuka saa 900 za kuruka katika mwaka wa kalenda, na kwa mashirika ya Marekani kikomo ni saa 1,000, lakini mpangaji makini hapangi watu wake hadi ukingoni. Rubani ana likizo, anaugua, anakaa zamu ya akiba uwanjani, na mara mbili kwa mwaka anarudi kwenye simuleta, yaani mashine ya kuigiza urukaji, kupimwa. Katika safari fupi kama zetu, muda mwingi wa kazi humalizika akiwa chini, abiria wanaposhuka na wengine wanapopanda. Ukipata kutoka kwake saa 600 za kuruka kwa mwaka bila kumchosha, umepanga vizuri. Kwa hiyo ndege hiyo moja inadai jozi tano, yaani makapteni watano na marubani wasaidizi watano. Ndege tatu ni marubani 30. Nimewahi kuona andiko lililowapangia ndege tatu marubani 18. Shirika la namna hiyo litaahirisha safari katika mwezi wake wa kwanza wa msimu wa likizo, huku malipo ya kukodi ndege yakiendelea kudaiwa.

Watu hao hawaajiriwi siku ndege inapotua Uwanja wa Julius Nyerere. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania haitoi cheti cha kuendesha shirika la ndege kwa kusoma makaratasi peke yake. Wakaguzi wanataka kumwona mkuu wa marubani, kupitia rekodi za mafunzo, na kupanda safari za majaribio zisizo na abiria wa kulipa. Ina maana kwamba kwa miezi kadhaa shirika linalipa mishahara ya marubani na kodi ya ndege bila kuuza tiketi hata moja. Mtaji wa kipindi hicho ndio ninaouuliza kwanza ninapoletewa mpango, na mara nyingi jibu huwa kimya.

Sasa niingie katika uchaguzi wa ndege wenyewe, ambako nataka kukaa kwa muda.

Fastjet, shirika la nauli nafuu, ilipoanza kuruka hapa nchini Novemba 2012, ikiunganisha Dar es Salaam na Mwanza na Kilimanjaro, ilitumia Airbus A319 zenye viti 156. Watu wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu ya nauli zake, na heshima hiyo isisahaulike. Hata hivyo, mwaka 2016 iliziacha Airbus na kuchukua Embraer E190 zenye viti 104, kwa kuwa viti vya awali vilikuwa vingi mno kwa soko, na ilipofika mwisho wa Desemba 2018 safari zake hapa nchini zilikuwa zimesimama. Kwa macho ya abiria, kubadili ndege ni kubadili rangi ya viti. Kwa shirika, kila rubani wa Airbus anayehamia Embraer lazima arudi darasani, aingie kwenye simuleta, kisha aruke safari kadhaa chini ya uangalizi wa kapteni mkufunzi kabla hajaachiwa. Muda wote huo analipwa, na mkufunzi analipwa, na simuleta inakodiwa kwa dola katika miji kama Addis Ababa au Johannesburg pamoja na nauli na malazi. Kosa la kuchagua ukubwa wa ndege hulipiwa mara mbili: kwanza katika viti vitupu, kisha katika mafunzo ya kuwahamisha watu.

Mtaniuliza kuhusu Air Tanzania. Tangu Septemba 2016 ilipopokea pangaboi mbili za Q400 zenye viti 76, ilipata Boeing 787-8 Julai 2018, Airbus A220-300 Desemba 2018, kisha mwaka 2023 ikapata Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Hizo ni aina tano za ndege, kila moja ikihitaji kundi lake la marubani, wakufunzi na vipuri. Lakini ndege hizo zilinunuliwa na Serikali na kukodishwa kwa shirika kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Kampuni binafsi inayokopa benki kwa riba ya Tanzania haiwezi kuiga njia hiyo, na mwekezaji anayeiona kama mfano wake anajidanganya. Mfano ulio karibu naye zaidi ni Southwest Airlines ya Texas, iliyoanza mwaka 1971 na Boeing 737 chache. Fedha zilipopungua mwaka 1972 iliuza ndege moja kati ya nne, ikashikilia ratiba yake kwa kuiandaa ndege iliyotua iruke tena ndani ya dakika 10. Ilisaidia pia kwamba rubani yeyote aliweza kuingia katika ndege yoyote.

Baada ya hapo linakuja swali la kiasi cha kulipa. Wawekezaji wengi huamini kwamba mshahara wa rubani ndio mahali pa kubana matumizi. Tufanye hesabu ya mfano. Una ndege tatu za viti 76 na marubani 30, na wanadai nyongeza ya dola 1,000 kwa mwezi kila mmoja, ambayo ni nyongeza nzito. Kwa mwaka ni dola 360,000. Gawanya kwa saa 9,000 zinazorukwa na ndege tatu, unapata dola 40 kwa saa. Kama ndege ina abiria 53, yaani asilimia 70 hivi ya viti, kila abiria anabeba senti 75 za dola kwa saa moja ya safari. Kutoka hapa hadi Mwanza kwa pangaboi, nyongeza hiyo yote haifiki dola moja na nusu kwa tiketi. Linganisheni na ndege ya viti 150 inayoruka na abiria wale wale 53, ambayo kodi yake, mafuta yake na ada zake za kutua ni kubwa kuliko za pangaboi, na ambayo kila siku inazeeka kwa gharama yenu. Mshahara wa rubani ni gharama inayoonekana, kwa sababu anayelipwa ana jina na anaweza kugoma. Ndege isiyofaa haigomi, nayo ndiyo inayoua shirika.

Skybus, shirika la ndege la Columbus, Ohio, iliwalipa makapteni wake dola 65,000 kwa mwaka, kiwango cha chini mno kwa Marekani, huku ikiwa imeagiza A319 zipatazo 65. Ilianza Mei 2007 na kufunga Aprili 2008, mafuta yakiwa yamepanda bei. Ilichobana kwenye mishahara hakikuweza hata kidogo kufidia ukubwa wa mpango wake wa ndege.

Namna ya kulipa ni muhimu kuliko kiasi, na hapa naomba marubani vijana wanisikilize kwa makini. Kuna mashirika yanayopenda kutoa mshahara mdogo wa msingi na kuujazia kwa malipo ya kila saa ya kuruka. Mwajiri hulipenda jambo hilo kwa sababu gharama hupanda na kushuka pamoja na mapato. Mimi nalipinga. Dereva wa daladala anayetakiwa kufikisha hesabu ya tajiri jioni hujulikana kwa namna anavyoendesha, na sioni kwa nini tumweke rubani katika shinikizo la aina hiyo. Rubani ambaye ada ya shule ya mtoto wake inategemea safari ya kesho hatasema leo kwamba amechoka au ana mafua yanayomziba masikio.

Tena saa hupotea bila kosa lake. Kati ya 2022 na 2023 baadhi ya A220 za Air Tanzania zilikaa chini kwa matatizo ya injini yaliyowakumba watumiaji wa ndege hizo katika nchi mbalimbali. Ndege ikikaa chini, rubani hupoteza malipo ya saa, na kama hakupaa na kutua walau mara tatu ndani ya siku 90, hawezi kubeba abiria hadi arudi kwenye simuleta. Ndiyo maana napendekeza mkataba wenye saa za uhakika: shirika liahidi kulipa, tuseme, saa 50 kila mwezi hata kama ratiba imempa 35, na kinachozidi 50 kilipwe juu yake. Ahadi hiyo pia humlazimisha mpangaji kuwa mkweli, kwani hawezi kuagiza ndege ya nne kwa matumaini wakati saa za ndege tatu hazijatosha.

Jambo gumu kuliko yote huja shirika linapofanikiwa na kuongeza aina ya pili ya ndege. Desturi ya dunia ni kulipa kwa ukubwa wa ndege, na shirika la Marekani la JetBlue ilipoongeza E190 mwaka 2005 iliweka kiwango cha chini kuliko cha A320. Kwa shirika kubwa desturi hiyo inavumilika. Kwa shirika changa ni hatari, nami nitaeleza kwa nini.

Tuseme una pangaboi tano na marubani 50, unaleta jeti mbili zinazolipa zaidi. Jeti zinahitaji marubani 20, na kila mtu anazitaka. Ukiwachukua kutoka ndani, umeondoa asilimia 40 ya marubani wa pangaboi, nazo pangaboi ndizo zinazoleta fedha. Kapteni mmoja anapohamia jeti, rubani msaidizi lazima afunzwe ukapteni ili azibe pengo lake, na mgeni aajiriwe na kufunzwa kuziba pengo la msaidizi. Uhamisho mmoja umezaa mafunzo matatu. Wanaofundisha ni wale wale makapteni wazoefu ambao nao wameomba jeti. Nimeona ratiba zikivunjika kwa sababu hiyo katika mwaka ambao abiria walikuwepo na ndege zilikuwa nzima.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba shirika changa lilipe kwa cheo na miaka ya utumishi, si kwa aina ya ndege. Kapteni wa pangaboi anayetua Songea au Bukoba mara sita kwa siku, mara nyingi kukiwa na upepo na mawingu ya chini, hafanyi kazi nyepesi kuliko anayekwenda Johannesburg na kurudi. Akilipwa sawa, hatakuwa na sababu ya kukimbilia jeti, na uhamisho utafuata mahitaji ya shirika.

Nimalizie na mikataba ya kumfunga rubani baada ya mafunzo, kwa kuwa wanafunzi wameniuliza kabla sijapanda jukwaani. Shirika lina haki ya kulinda fedha lililotumia. Lakini deni hilo lipungue kila mwezi anaotumikia, lihusu gharama halisi zenye risiti, lisizidi miaka mitatu, na lifutike kabisa ikiwa shirika lenyewe limeondoa aina hiyo ya ndege au limechelewesha mshahara kwa miezi miwili. Masharti hayo manne yaandikwe kabla rubani hajapanda ndege kwenda kwenye simuleta. Anayeletewa karatasi ya kusaini akiwa tayari hotelini ughaibuni, mbele ya safari ya kurudi, hana uhuru wa kukataa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.