Namba iliyo mbele ya neno

Jambo yenu wote. Asanteni kwa kuja, na mvua hii.

Wengi wenu mnajifunza Kiingereza mkiwa na Kifaransa tayari, na bado mnaona kama mnaanzia sifuri. Hapana. Anayesema cent kwa mia na mille kwa elfu sokoni tangu utoto, anayesema septante kwa sabini wakati Paris wanasema sitini-na-kumi, ana namba za Kilatini mdomoni. Kiingereza kimezipachika namba hizohizo mbele ya maneno yake mengi.

Tuchukue Biennale, maonyesho ya sanaa yaliyoanza hapa Lubumbashi mwaka 2008. Bi ni mbili, annus ni mwaka: jambo linalorudi kila baada ya miaka miwili. Waingereza husema biennial. Lakini wana pia biannual, lenye mbili ileile na mwaka uleule, nalo ni mara mbili kwa mwaka mmoja! Niliwahi kutafsiri barua ya shirika moja lililotaka ripoti za biannual. Nikaandika kila baada ya miaka miwili. Wenzangu wakatulia, muda wa ripoti ya kwanza ukapita, na msaada ukachelewa. Liliniuma sana.

Tangu siku hiyo siulizi tu ni namba gani. Nauliza inahesabu nini, na kuanzia wapi. Sisi huku tunaita siku ya kwanza ile ambayo watu wa Dar es Salaam wanaiita Jumatatu. Hakuna aliyekosea: wao wanahesabu baada ya Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi ni ya mosi. Basi tazameni September. Septem ni saba, nasi tunauita mwezi wa tisa. Warumi wa zamani walianza mwaka na Machi. Hesabuni kwa vidole, Machi, Aprili, Mei, mtaona wa saba ni upi. Mwanzo wa mwaka ukahamia Januari, majina yakabaki palepale. Oktoba, Novemba na Desemba ni hivyohivyo: nane, tisa, kumi.

Kuna pia namba isiyohesabu kitu. Tandu kwa Kiingereza ni centipede, miguu mia. Lakini jozi za miguu ya tandu mzima karibu daima ni witiri: 15, 21, 23, na kuendelea. Miguu mia inataka jozi 50, na hamsini si witiri. Waliompa jina walimaanisha mingi tu, kama mama anayemwambia mtoto, “Nimekuita mara mia!” Jongoo naye ni millipede, miguu elfu, na kwa muda mrefu hakuna jongoo aliyejulikana kuifikisha. Mwaka 2021 wanasayansi wakamtangaza mmoja wa Australia, mwembamba kama uzi, anayeishi chini kabisa ardhini. Walimhesabu miguu 1,306.