Mzigo Huharibikia Kwenye Makabidhiano

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniomba nizungumzie kazi ya pamoja kati ya watu wa ghala na wa usafirishaji. Mawaidha ya mshikamano mmeshayasikia vya kutosha, kwa hiyo mimi naanza na hesabu.

Oda inapokewa, inakusanywa ghalani, inaandikiwa hati, inapakiwa, inapelekwa. Mikono mitano. Tuseme kila mmoja anapatia mara 95 katika 100. Huyo ni mfanyakazi mzuri, au siyo? Sasa zidisheni 0.95 kwa 0.95, hivyo hivyo mpaka mikono yote mitano iishe: mtapata kama 0.77. Yaani katika oda 100, karibu 23 zina kasoro, na mzembe hayupo. Bosi anayemsaka atamsaka mpaka astaafu.

Nilipokuwa msimamizi wa zamu, tulikuwa na lori la vituo vinne. Kila mpakiaji anajua kwamba mzigo wa kituo cha mwisho huingia kwanza, na wa kituo cha kwanza hukaa mlangoni. Alfajiri moja mpangaji akageuza mfuatano wa vituo, akampigia dereva. Dereva akasema sawa. Wapakiaji hawakuambiwa kitu. Kufika kituo cha kwanza, mlango unafunguliwa, tunakutana na paleti za kituo cha nne. Tukashusha sita kwenye mvua ili tutoe mbili. Na kila mtu, niamini, alikuwa ametimiza wajibu wake.

Tangu siku hiyo badiliko la ratiba likawa halijasemwa mpaka kiongozi wa wapakiaji alirudie kwa mdomo wake mwenyewe. Ni sekunde kumi tu. Wengine walituona watoto wa chekechea.

Pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, kuna mchezo wa bia ulioanza miaka ya 1960. Kuna muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda; kuongea marufuku, ni kupitisha karatasi za oda tu. Mahitaji ya mteja hupanda mara moja, kutoka kreti 4 hadi 8 kwa wiki, kisha hutulia hapo hapo. Lakini oda zinapopanda kuelekea kiwandani huvimba kupita kiasi, halafu huporomoka, na kila mchezaji huapa kwamba jirani yake ndiye aliyevuruga.

Lililobaki ni vipimo, na hapa mameneja mnisamehe. Ghala letu lilipimwa kwa idadi ya malori yaliyotoka. Basi yalitoka, hata yakiwa na upungufu. Tukaweka kipimo kimoja kwa wote: oda iliyofika kamili na kwa wakati. Wiki ya pili nikamwona mpakiaji amesimama mbele ya lori, anabishana na dereva asiondoke kwa sababu katoni tatu bado ziko ndani ya ghala. Mwezi mmoja nyuma angempungia mkono.