Ndege za Visiwani na Mwenye Saini: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Sayansi, Chake Chake

Assalamu alaykum. Mwalimu mkuu, walimu, wazazi, na nyinyi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita.

Nimealikwa nizungumzie uhandisi wa ndege. Lakini pale mlangoni kijana mmoja amenisimamisha: "Mjomba, mimi nataka kutengeneza roketi. Nisome nini?" Basi nitamjibu yeye, na nyinyi wengine mnafaidika.

Tuzitenganishe kazi kwanza, maana watu huzitia zote kapu moja. Yuko anayebuni ndege: anapiga hesabu za mbawa, uzito, joto la injini. Huyu hukaa karibu na viwanda, na viwanda vya ndege kubwa viko Ulaya, Marekani, Brazili. Yuko wa satelaiti na roketi. Halafu yuko anayeifungua ndege, akaikagua, akaifunga, kisha akatia saini kwamba ndege hii iruke. Wawili wa mwanzo wanahitaji digrii. Huyu wa tatu anahitaji leseni, na digrii peke yake haimpi ruhusa ya kutia saini hiyo. Nimewaona vijana wenye shahada nzuri wakaligundua hilo wakiwa wameshamaliza chuo, na wakaanza upya.

Mimi nawavuta kwa huyu wa tatu. Sisemi kwa sababu ni kazi nyepesi. Nasema kwa sababu ndege ziko hapa, na zinahitaji watu wanaojua kisiwa kinaifanya nini ndege.

Tarehe 28 Aprili 1988, kule Hawaii, ndege ya shirika la Aloha, Boeing 737-200, ilikuwa ikitoka mji wa Hilo kwenda Honolulu. Ikiwa juu futi 24,000, kipande kikubwa cha paa la mbele kikang'oka. Abiria wakabaki wanaiona mbingu. Mhudumu mmoja wa ndani alivutwa nje na kupotea. Marubani wakaiteremsha kisiwa cha Maui, na waliobaki wakatoka hai.

Sasa sikilizeni. Ndege ile ilikuwa imeruka na kutua mara 89,680, lakini saa zake hewani zilikuwa kama 35,500 tu. Gawanya mwenyewe: kila safari ni dakika ishirini na kitu. Ni safari za kisiwa hadi kisiwa, kama yetu ya Dar na Unguja. Kila ikipanda, hewa hushindiliwa ndani ili abiria wapumue. Ikishuka, presha inatoka. Ukiukunja waya na kuukunjua, haukatiki siku ya kwanza. Ongeza chumvi na unyevu wa bahari uliopenya kwenye maungio ya mabati, gundi inayoyashika ikaachia, mzigo wote ukabebwa na ribiti, zile pini zinazoshona mabati, na kando ya ribiti nyufa zikaanza. Ndiyo maana ndege ya visiwani usiiulize umri wa miaka wala saa tu. Uliza imetua mara ngapi.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Abiria mmoja aliuona ufa wakati anapanda ndege, akanyamaza. Wakaguzi nao walikuwa wakifanya kazi hiyo usiku, ribiti baada ya ribiti, na jicho huchoka.

Vindege vidogo vyetu vya Unguja na Pemba, Cessna Caravan na wenzake, havishindiliwi hewa, kwa hiyo habari ya presha haiwahusu. Chumvi lakini haibagui. Injini inavuta upepo wa bahari kutwa, ndiyo maana inaoshwa ndani kwa maji safi. Na wale wanaoniuliza Kemia ina kazi gani kwenye ndege: aluminiamu ikigusana na chuma cha pua penye maji ya chumvi, ipi inaliwa? Ni aluminiamu. Anayejua sababu yake atapapaka rangi kinga pale zinapogusana kabla hajaambiwa.

Sasa roketi, mwanangu. Sikukatazi. Tunguu, Unguja, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) leo, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya Mercury, vya kupeleka watu angani. Mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962, Zanzibar ilikuwa kwenye mnyororo wa vituo vilivyozungumza naye. Kikafungwa 1964, baada ya Mapinduzi. Na mwaka 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa satelaiti iliyopewa jina Uhuru. Kwa hiyo pwani hii si ngeni wa mambo hayo.

Lakini jua mapema: Marekani roketi zinahesabika katika teknolojia za silaha, na sheria yao inazibana kampuni zisimwonyeshe michoro mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu bila kibali. Unaweza kusoma kwao miaka minne, ukatoka na alama za juu, mlango wa kazi usifunguke, wala si kwa upungufu wako. Kama moyo uko huko, tazama satelaiti, mawasiliano, na kusoma picha za kutoka angani. Mwani, matumbawe, ufukwe unaoliwa: vyote vinasomeka kutoka juu, na kazi hiyo unaifanya ukiwa hapa hapa.

Kwa wanaotaka leseni, kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar. Wengine huenda Addis Ababa au Nairobi. Popote utakapokwenda, kabla mzazi hajauza shamba la karafuu, uliza mambo mawili. Je, mafunzo yenu yanatambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa ajili ya leseni, na barua iko wapi? La pili: nionyesheni ndege ambayo wanafunzi wanaifungua kwa mikono yao. Wakikuonyesha picha ukutani, shukuru, uage, uende zako.

Haya, maswali.