Kuhariri historia ya Git ikiwa maandishi

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tuongelee strimu ya Git, ile programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mradi, maana watu wengi wanajua kupiga komiti, yaani kuhifadhi badiliko kwenye historia, na kupush, yaani kulituma kwa wenzao, wanaishia hapo, halafu siku paswedi imeingia kwenye repo, yaani ghala la mradi, wanafuta faili, wanapiga komiti mpya, wanasema imetoka. Haijatoka jamani! Imo bado kwenye komiti za nyuma na yeyote mwenye kopi anaiona.

Git ina komandi mbili, git fast-export inaitoa historia nje, git fast-import inaipokea na kuijenga upya. Hiyo import ni kazi ya Shawn Pearce, imo tangu toleo la 1.5.0 la mwaka 2007, ilitengenezwa ili watu wahamishe miradi kutoka mifumo mingine. Kinachopita katikati ndo strimu, na mi hapo ndo napapenda sana, kwa sababu ni maandishi, unayafungua unayasoma kwa macho yako.

Piga git fast-export --all > historia.txt halafu fungua hiyo faili. Utakuta blob, hayo ni yaliyomo kwenye faili zako, utakuta commit refs/heads/main, hapo ndo komiti inaanza, chini yake mstari wa author wenye jina, imeili na muda uliohesabiwa kwa sekunde tangu 1970, kisha data 19, halafu ujumbe wenyewe: Rekebisha nenosiri. Hebu hesabuni. Herufi tisa, nafasi moja, herufi nane, hiyo 18, na ya 19 ni ile ya kushuka mstari. Hiyo namba ndo roho ya strimu nzima, fast-import haiangalii ujumbe umeishia wapi, inasoma baiti 19 basi (hapa kila herufi ni baiti moja), inaendelea na komandi inayofuata.

Mi hili limenikuta. Nilitaka kubadilisha imeili ya zamani kila mahali nikapitisha sed, komandi ya kubadilisha maneno kwenye maandishi, kwenye strimu yote, na imeili mpya ilikuwa fupi kwa herufi 4. Mistari ya author ikakubali vizuri tu, haina hesabu ile, lakini imeili hiyohiyo ilikuwemo ndani ya README, ile faili ya maelezo ya mradi, faili ikapungua baiti 4 huku namba ya data juu yake imebaki ileile, kwa hiyo import ikameza alama ya kushuka mstari pamoja na c, o, m za komiti iliyofuata, ikagoma na kuandika Unsupported command: mit refs/heads/main. Usiku karibu wote natafuta hiyo "mit" imetoka wapi! Na afadhali iligoma, maana ukibadilisha neno kwa neno la urefu uleule haigomi kabisa, inapita kimya, na kama baiti hizo zilikuwepo ndani ya picha basi umeiharibu na hujui.

Kwa hiyo sed hapana. Tumieni git filter-repo ya Elijah Newren, ndani yake ni export na import hizihizi ila katikati kuna programu inayoheshimu hesabu, na maelezo rasmi ya Git yenyewe yanaipendekeza badala ya filter-branch, komandi ya zamani ya kazi hiyohiyo. Kutoa faili ya siri: git filter-repo --path siri.env --invert-paths. Ikikataa ikisema hii sio kloni mpya, yaani kopi ya repo uliyoichukua sasa hivi, usikimbilie --force ya kuilazimisha, nenda kakloni upya, inakulinda hiyo.

Halafu paswedi ibadilishwe kwanza, kabla hujagusa historia. Na kila komiti inabeba hashi ya mzazi wake, yaani namba ya utambulisho ya komiti iliyoitangulia, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ukigusa moja zote zilizofuata zinabadilika, sasa mwenzako mwenye kloni ya zamani akivuta, akaunganisha, akapush, ile siri imerudi yote kama ilivyokuwa. Mwambieni kila mtu kwenye timu afute kloni yake achukue mpya, kabla hajapush chochote.